Nyota Niliyomrudishia Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kwa hila. Nimevaa soksi mbili zinazofanana, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka uanze.

Mkuu wetu wa kikosi cha utafutaji wa nyota ametuita asubuhi, akafunga mlango, akavua miwani. Huyu mama akivua miwani, kuna mtu ataumia. Amesema kituo kinahitaji mtu wa kudumu wa kutembeza wageni: kuwaonyesha sahani kubwa ya redio, kuwaeleza kwamba hapana, haipokei mpira wa miguu, na kuwazuia watoto wasipande ngazi. Mtu huyo atatoka chumba chetu. Chumba chetu kina meza mbili. Moja yangu. Nyingine ya mwanyumba, mume wa mdogo wake mke wangu. Dunia yote hii, na mtu niliyeoa naye nyumba moja ndiye niliyeajiriwa naye chumba kimoja!

Mwanyumba ana pulsa tatu, nyota zile zinazodunda redioni. Zote zake, zimethibitishwa, zina namba rasmi. Mimi sina. Nilikuwa nayo moja mwaka juzi, kwa wiki nzima yenye furaha, mpaka ikagundulika ni jiko la maikrowevu la ofisini, ambalo mtu hulifungua kabla halijamaliza. Tangu hapo jina langu hapa ni Maikrowevu. Hata mlinzi wa getini ananiita hivyo, tena kwa heshima: shikamoo, Mzee Maikrowevu.

Basi Ijumaa kila mmoja wetu alete mshukiwa wake bora. Washukiwa ndivyo tunavyoviita vile vimstari kwenye skrini vinavyofanana na pulsa lakini havijathibitishwa. Mshukiwa atakayeshinda atapewa mchana mzima wa sahani kubwa. Aliyemleta atabaki na kiti chake. Mwingine akatembeze wageni.

Sitaki kutembeza mtu! Nimezeekea kwenye kiti hiki, kimeshika umbo langu. Nataka nyota. Moja tu. Hata iwe mbovu.

Hila ninayo tayari.

Jumanne, 4 Machi

Wajukuu wakiikuta shajara hii wasije wakadhani babu yao alikuwa fundi redio. Kwa hiyo naeleza.

Pulsa ni nyota iliyokufa, ikabanwa hadi ukubwa wake ukawa kama wa mji tu, nayo inazunguka kama pia ya mtoto. Kila ikigeuka inatumulika kwa mwale wa redio, kama mlinzi anayezunguka na kurunzi. Za kawaida huzunguka kwa adabu. Ninazozitaka mimi ni wendawazimu: mamia ya mizunguko kwa sekunde! Na kasi hiyo hazikuzaliwa nayo. Zina mwenza, nyota nyingine iliyo karibu, na zimekaa zikimla mwenza huyo kidogo kidogo mpaka uzee wao ukageuka ujana. Mwanyumba husema zinamkumbusha mtu fulani wa kwenye familia. Hamalizi. Humtazama tu mama mkwe kwenye picha ya harusi.

Kuzipata ni kazi ya kukunja. Mke wangu ni fundi cherehani na yeye alinielewa mara moja. Unachukua kelele za anga, unazikunja kama kitambaa cha maua. Ukipatia kipimo cha mkunjo, ua hulala juu ya ua. Ukikosea, unapata matope.

Sasa hila. Mkuu hutupima macho kwa kupenyeza pulsa za uongo kwenye marundo yetu ya rekodi. Tunaita kupanda mbegu. Anayeshangilia mbegu huosha vikombe vya idara wiki nzima. Nikajiuliza: kwani ni Mkuu peke yake anayejua kupanda? Leo mchana, mwanyumba alipokwenda kunyoosha mgongo, nimempandia mbegu ya kifalme. Mizunguko mia sita kwa sekunde. Mwenza mwenye afya. Ataileta Ijumaa mbele ya Mkuu, ataaibika, atapewa bendera ndogo ya kuongozea wageni.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akaniuliza nimeharibu nini.

Jumatano, 5 Machi

Imegundulika! Hata chai ya saa nne ilikuwa haijaja.

Kosa la kitoto. Kitu kikitoka mbali, mawimbi yake mafupi hutangulia na yale marefu huchelewa, kwa sababu kati ya nyota na nyota kuna chembe zinazoyashika miguu. Mimi nilisahau kuyachelewesha. Mawimbi yangu yamefika yote pamoja, kwa shangwe, kama kitu kilichotokea humu humu chumbani. Kama jiko, kwa mfano.

Mwanyumba hakukasirika. Hilo ndilo linalonitia hofu. Chai ilipokuja aliikoroga taratibu, akasema ameipokea zawadi yangu, ameipenda, na kwamba kwao mtu akikuletea kitu kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Kisha akatabasamu. Ana tabasamu moja baya sana, la meno ya juu tu.

Atanipandia mbegu. Nitakuwa macho. Jicho moja kwenye skrini, jingine kwake.

Nyumbani, ajabu nyingine. Mama mkwe amefika na mabegi matatu na mto wake wa kulalia. Amenishukuru mpaka nikaona haya. Eti amesikia jinsi nilivyosisitiza aje akae nasi mwezi mzima, na jinsi nilivyomtolea chumba changu cha kusomea. Sikumbuki kusisitiza. Lakini sifa ikija mlangoni utaifukuza? Nikasema karibu mama, chumba chako. Mke wangu alinitazama kama anayetazama suruali iliyoshonwa nyuma mbele.

Naandika haya nimekalia ndoo, jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Moyo! Moyo wangu!

Leo asubuhi, kwenye rundo langu, mshukiwa wa mia na ngapi sijui. Mkunjo ukakaa. Ua juu ya ua. Zaidi ya mizunguko mia nne kwa sekunde! Mawimbi marefu yamechelewa kwa adabu, nyuma ya mafupi. Na mstari wake haukunyooka, umepinda kama upinde, maana yake nyota inavutwa huku na huku na mwenza. Kila kitu kipo. Niliinuka nikagonga goti kwenye droo. Sikusikia maumivu. Miaka yote hii!

Kisha nikainua macho. Mwanyumba alikuwa ananitazama. Meno ya juu tu.

Nikakaa. Nikajiambia: mtu mzima hatishiwi nyau. Siku ya kwanza baada ya kuapa kunilipa, pulsa nzuri kuliko zote inatua kwenye rundo langu mimi, mimi Maikrowevu? Nyota gani hiyo yenye ratiba ya ugomvi wetu?

Sikuhukumu kwa hisia. Nimepima kitaalamu. Nimefungua rekodi ya mwaka jana ya kipande kile kile cha anga, nikaikunja kwa kipimo kile kile. Hakuna kitu. Kimya kama kanisa Jumatatu. Nyota halisi haiendi likizo! Aliyepanda mbegu kwenye rekodi ya mwezi huu alisahau kupanda na ya mwaka jana. Mvivu amejulikana kwa uvivu wake.

Nikafanya la kiungwana. Sikupiga kelele. Wakati wa chakula cha mchana nimeihamisha kwenye rundo lake, yaani nimemrudishia mwenye mali mali yake. Mzigo mzito mpe mwenyewe.

Mama mkwe jioni ameniuliza kama hizo nyota hazipati kizunguzungu. Nikamweleza kwa dakika nyingi. Akasikiliza yote, akasema vizuri, lakini mwenzako anazo tatu. Wewe baba, hata ya kuazima huna?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona mengi, lakini uso mkavu namna hii, sijaona.

Kwenye kikao nilimpeleka mshukiwa wangu, kitu dhaifu kinachodunda kama mtu anayebisha hodi huku akitumaini hamko nyumbani. Mkuu alikitazama kwa huruma. Kisha mwanyumba akafungua karatasi yake. Ni ile ile! Mbegu yake mwenyewe! Ameileta mbele ya Mkuu, sauti inamtetemeka, macho yamelowa, anasema jana jioni aliikuta na hakulala, kwamba hajawahi kuona nzuri kama hii.

Mkuu akapitia mbegu zake zote. Akasema hii si yangu.

Nikatikisa kichwa kwa hekima. Bila shaka si yako, mama.

Nilimwelewa mwanyumba papo hapo. Anaigiza. Anategemea nitaruka nidai ni yangu, ilikuwa kwangu kwanza, kisha acheke mpaka aanguke. Thubutu! Nimekaa kimya kama jiwe. Mkuu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema namtakia mwanyumba kila la heri. Mwanyumba akanishika mkono kwa mikono miwili. Kiganja kilikuwa na jasho. Msanii!

Basi sahani ni yake Jumanne. Aelekeze juu, asikilize kimya. Hapo ndipo ataeleza mwenyewe. Kiti nitabaki nacho mimi, na wala sikutupa hata jiwe moja.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha familia, kwetu. Mama mkwe kakaa kichwani pa meza, kwenye kiti changu. Shemeji yangu, mke wa mwanyumba, ametangaza habari za nyota ya nne kabla hatujanawa. Vigelegele. Mama mkwe akampa mwanyumba kipande cha nyama kilichokuwa kinanielekea mimi. Nilikiona kikipita.

Nikatabasamu. Mke wangu akanifuata jikoni akaniuliza kulikoni, maana mwanyumba akisifiwa mimi huwa navuta pumzi kama cherehani iliyokwama. Nikamwambia asubiri Jumanne. Akasema hilo ndilo analoliogopa, na kwamba kila nikisema asubiri huwa anaanza kutafuta sanduku la huduma ya kwanza.

Nimeandika hotuba. Nusu ukurasa. Inaanza na msamaha, maana mshindi lazima asamehe. Nimeisoma mbele ya kioo cha bafuni. Mama mkwe aligonga mlango akauliza nazungumza na nani humo. Nikasema na Mkuu. Akasema nimpe salamu.

Jumanne, 11 Machi

Lazima niandike polepole. Nisije nikaruka kitu.

Chumba cha mitambo, saa nane mchana. Redio haijali jua, nyota husikika hata mchana kweupe. Tulikuwa sisi watatu na fundi wa sahani, mtu mpole ambaye hunong'ona hata barabarani. Simu zote zimezimwa. Jiko la maikrowevu limechomolewa, na fundi ameweka kiti juu yake. Wote walinitazama wakati anakiweka.

Sahani ikageuka. Ikanyooshwa palepale. Skrini ikaanza kukunja.

Matope.

Mwanyumba akasogea. Mkuu akasema tusubiri. Matope tena. Muda ukaenda. Mwanyumba alianza kuuma kucha, halafu akaanza kuongea na skrini kwa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kula. Njoo basi. Njoo mama. Nilikaribia kumhurumia. Mkuu akavua miwani.

Nikasimama. Hotuba!

Nikasema ndugu zangu, binadamu hukosea. Nikasema sina kinyongo na mwanyumba. Nikasema kwamba nilijua tangu Alhamisi kuwa hii ni mbegu, aliyonipandia mimi, iliyokuwa kwenye rundo langu, na kwamba mimi kwa busara ya umri nikamrudishia. Nikasema kwamba niliikagua hata kwenye rekodi ya mwaka jana, haikuwepo. Nikasema tusameheane, tunywe chai.

Hata fundi aliacha kunong'ona.

Mwanyumba alikuwa amefungua mdomo, meno ya juu na ya chini. Akasema hajanipandia kitu. Nikacheka kwa upole. Akaapa. Akaapa tena, kwa mke wake na wanawe. Akasema yeye deni lake alishalilipa Jumatano, tena lote!

Nikamuuliza amelipa vipi, mbona sijaona.

Akasema: "Mwanyumba! Nani unadhani alimwambia mama kwamba umesisitiza aje akae mwezi mzima?"

Nikakaa chini. Sijui kama kulikuwa na kiti. Mkuu alikuwa ananitazama jinsi daktari anavyotazama mguu. Akauliza, taratibu, neno kwa neno: yaani mshukiwa huyu alikuwa kwako? Ukamwona? Ukamgawa?

Na hapo hapo, wakati natafuta jibu, skrini ikaandika.

Mwanzo kwa woga. Mdundo mmoja umechelewachelewa, kama mgeni anayefuta viatu mlangoni. Kisha mwingine, umechelewa kidogo zaidi ya inavyopasa. Kisha ikaingia yote! Ua juu ya ua juu ya ua! Fundi wa sahani akapiga ukelele ambao nadhani alikuwa ameuweka akiba tangu utoto. Mwanyumba alilia. Mimi nililia. Yeye kwa furaha. Mimi sijachambua bado.

Mkuu peke yake alikuwa mtulivu. Akasema haikuwa imepotea. Ilikuwa nyuma ya mwenza wake. Pulsa hii inamchoma mwenza kwa miale yake, mwenza anatoa moshi wa gesi, moshi unaifunika pulsa kila ikipita nyuma yake. Ndiyo maana hutoweka, ndiyo maana mwanzoni mdundo uliburuta miguu. Kisha akanigeukia. Ile rekodi ya mwaka jana uliyosema hakuna kitu, akauliza, unajua ni ya siku gani na saa ngapi?

Najua. Nilikuwa nimeishika kama ushahidi wa kumfunga nayo mwanyumba.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nzima Mkuu kajifungia na rekodi yangu. Alipotoka alikuwa amevaa miwani.

Kumbe kimya kile ni dhahabu. Mwaka jana nyota ilikuwa nyuma ya moshi vile vile. Ukiwa na kutoweka kwa wakati ule na kutoweka kwa jana, unaweza kuanza kupima mwendo mzima wa wawili hawa: wanazungukana kwa saa ngapi, mwenza amebaki na uzito gani, atadumu mpaka lini. Amesema watu hutafuta vitu vilivyopo, ni nadra mtu kuhifadhi kwa uangalifu namna hii kitu ambacho hakipo. Nadhani ni sifa. Nimeipokea kama sifa.

Hukumu: viti vyote viwili vinabaki. Wageni watatembezwa na fundi wa sahani, aliyejiombea mwenyewe, maana tangu ule ukelele hanyamazi. Kwenye ripoti jina la mwanyumba la kwanza, langu la pili. Mimi naosha vikombe mpaka mwezi uishe, kwa kosa la kuhamisha mshukiwa. Na kuanzia leo ni marufuku mtu kuhamisha kitu kutoka rundo moja kwenda jingine.

Mwanyumba alinisaidia kufuta vikombe. Alisema nyota nusu yake ni yangu, kwa haki ya Mungu. Nikamjibu kwamba nusu ya mama mkwe ni yake. Akasema amekula hasara. Tumecheka mpaka kikombe cha Mkuu kikapoteza mkono.

Nyumbani nimepiga hesabu mbele ya mama mkwe. Akanisikiliza, akahesabu kwa vidole: basi yule ana tatu na nusu, na wewe nusu. Kisha akanishika bega, akasema si haba baba, mtoto huanza kwa kutambaa. Ametoka nje kumwambia jirani. Nimemsikia kupitia dirishani. Amesema wakwe zangu. Kwa wingi! Nimesimama pale dirishani nimeshika taulo, sijui kwa muda gani.

Kwa furaha hiyo ameamua kukaa miezi miwili.

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu amenishonea mto wa kuweka kwenye ndoo. Mapenzi haya.

Kazini kumechangamka. Mwanyumba kaja na shati jipya, kanisalimu kwa furaha, kaniuliza mama anaendeleaje kwetu. Kisha akatabasamu. Meno ya juu tu.

Saa nne kasoro, kwenye rundo langu, mshukiwa. Nimekunja mara ya kwanza, ua juu ya ua. Mizunguko zaidi ya mia tano kwa sekunde! Inaipita ya juzi. Mawimbi marefu yamechelewa sawasawa. Mstari umepinda vizuri, una mwenza. Nimefungua rekodi ya zamani ya kipande hicho cha anga. Hakuna kitu. Kimya.

Nimecheka peke yangu. Nyota mbili, wiki mbili, kwa mtu mmoja? Tena na mimi? Jamani, mwanyumba! Juzi nilikusingizia mbegu, leo umeona uipande kweli, na hata kimya cha mwaka jana ukakumbuka kukiweka! Safari hii kazi yake ni safi, nampa haki yake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilishaumwa.

Sheria ya Mkuu inakataza kuhamisha mshukiwa kutoka rundo hadi rundo. Haikatazi mtu kumchapisha mshukiwa kwenye karatasi, akaikunja vizuri, akaiacha chini ya kikombe cha mwenzake. Na vikombe vyote vya idara, kama nilivyoeleza, viko mikononi mwangu.

Chai inakuja. Mwanyumba anakifuata kikombe chake. Nimekaa, mikono imekunjwa, uso wa malaika.

Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani.